Muda wa Kungoja Zahanatini Nao ni Sehemu ya Matibabu

Wahenga wametuachia misemo miwili ambayo mtu akiisikia kwa haraka hudhani inapingana. Mmoja wasema: Subira yavuta heri. Mwingine wasema: Ngojangoja huumiza matumbo. Kwenye benchi la zahanati misemo yote miwili ni ya kweli. Wapo wagonjwa ambao subira haiwadhuru, na wapo ambao subira hiyohiyo yaweza kuwatoa roho. Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa afya, tujifunze kuwatofautisha. Tujifunze pia namna ya kuutumia vizuri ule muda wa kungoja ambao hatuwezi kuukwepa.

Kila familia inaufahamu muda huo. Mama anaamka alfajiri, anambeba mtoto mgongoni, anafika zahanati kabla ya saa mbili na kushika nafasi yake. Anangoja kuandikishwa. Anangoja kumwona daktari. Anangoja maabara. Anangoja dirisha la dawa. Saa saba mchana anaporudi nyumbani, muda aliokaa mbele ya daktari ni dakika chache tu. Muda mwingine wote ulikuwa wa benchi. Je, saa hizo za benchi ni za bure? La hasha. Kuna mambo mengi ambayo mzazi au ndugu wa mgonjwa anaweza kuyafanya hapohapo, bila fedha na bila elimu kubwa, nayo yakaokoa maisha.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha maelezo ambayo hadi leo yanafundishwa katika vyuo vya uuguzi na udaktari. Wakizungumzia vifo vya akina mama wajawazito, walisema kuna ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni nyumbani, kuchelewa kuamua kwenda kutibiwa. Wa pili ni njiani, kuchelewa kufika. Wa tatu ni baada ya kufika, kuchelewa kupata huduma inayofaa. Wengi wetu tunaijua ile miwili ya mwanzo. Wa tatu tunausahau, kwa sababu tunadhani kwamba mtu akishaingia katika geti la hospitali hatari imekwisha. Sivyo. Watoto wengi wanaofia hospitalini hufa katika saa 24 za kwanza baada ya kufika.

Nani hapaswi kungoja?

Jambo la kwanza unapofika ni kumtazama mgonjwa wako vizuri, kabla hata hujatafuta mahali pa kukaa. Mtoto mwenye dalili yoyote kati ya hizi hapaswi kukaa kwenye foleni:

1. Hawezi kunywa wala kunyonya.
2. Anatapika kila kitu anachopewa.
3. Ana degedege sasa, au alipata degedege katika ugonjwa huu.
4. Amelegea sana, haamki vizuri, au amepoteza fahamu.
5. Anapumua kwa shida, au kifua chake cha chini kinaingia ndani kila anapovuta pumzi.
6. Mikono na miguu ni ya baridi ilhali mwili una joto, au viganja na midomo vimepauka na kuwa vyeupe.

Mama mjamzito naye asingoje akiwa anatokwa na damu, ana maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu, amepata kifafa, au chupa imevunjika. Na mtu mzima asingoje akiwa na maumivu makali ya kifua, au ghafla mdomo umepinda, mkono mmoja umekosa nguvu na maneno hayatoki sawasawa. Kwa mgonjwa huyu wa mwisho, kumbuka saa dalili zilipoanza. Daktari atakuuliza, kwa kuwa baadhi ya matibabu hutegemea saa hiyo.

Ukiona mojawapo ya dalili hizo, usione haya. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi na useme kwa maneno machache: "Shikamoo Sista, mtoto wangu amepata degedege njiani na sasa hanyonyi." Usianze na habari ya nauli wala ya jirani. Taja dalili kwanza. Sentensi moja iliyo wazi humsaidia muuguzi kuliko kilio cha dakika kumi.

Na sisi tuliokaa kwenye benchi tuna wajibu wetu. Mwenzetu anapopelekwa mbele, tusinung'unike kwamba amekuta watu. Foleni ya zahanati si foleni ya sukari. Anayetangulia si aliyewahi kufika, bali ni yule ambaye akingoja atakufa. Kazi hii ya kuchambua wagonjwa kwa ukali wa ugonjwa imeonyesha matunda makubwa. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, nchini Malawi, tangu mwaka 2001 walipanga upya idara inayopokea watoto, wakawafundisha wahudumu kumtambua mapema mtoto aliye hatarini. Kabla ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa walikuwa wakifa 10 hadi 18. Baadaye idadi hiyo ilishuka hadi 6 hadi 8. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilikuwa kujua nani aingie kwanza na kumhudumia mara moja.

Tena, hali ya mgonjwa hubadilika. Mtoto aliyefika saa mbili akiwa anacheza anaweza kuwa amelegea saa nne. Basi usimfunike gubigubi mgongoni ukadhani amelala. Mtazame mara kwa mara. Mwamshe. Akishindwa kuamka, simama umwite muuguzi.

Mtoto anayeharisha aanze kunywa hapohapo

Katika magonjwa yote, kuharisha ndiko kunakodhihirisha zaidi thamani ya muda wa kungoja. Kinachomuua mtoto anayeharisha mara nyingi ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Maji hayo yanaendelea kumtoka akiwa kwenye foleni. Mama anayengoja saa tatu bila kumnywesha mtoto anaweza kumfikisha mbele ya daktari akiwa na hali mbaya kuliko aliyotoka nayo nyumbani.

Historia inatufundisha. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa taifa la Bangladesh, wakimbizi wengi mno walivuka mpaka na kuingia India. Kipindupindu kikawavamia makambini. Katika mji wa Bangaon hospitali ilijaa hata wagonjwa wakalala sakafuni, na chupa za maji ya kutundika mshipani zikapungukiwa. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya maji, chumvi, glukosi na magadi kwenye mapipa. Ndugu wa wagonjwa ndio waliokinga kwa vikombe na kuwanywesha watu wao kidogo kidogo, wakikaa kando yao. Vifo ambavyo vilikuwa vimefikia karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Angalia, ndugu msomaji: kilichowaokoa watu wale ni ndugu waliokuwa wanangoja, lakini hawakungoja mikono mitupu.

Leo mchanganyiko kama ule tunao katika pakiti za ORS. Ukifika zahanati na mtoto anayeharisha, uliza mapema: "Sista, naomba ORS nianze kumnywesha wakati nangoja." Zahanati nyingi zina kona iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kama unayo pakiti nyumbani, anza tangu nyumbani na uje na maji hayo kwenye chupa safi. Taratibu ni hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Changanya pakiti nzima katika lita moja ya maji safi ya kunywa. Usigawe pakiti, wala usiongeze sukari.
3. Mtoto aliye chini ya miaka 2 mpe kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika moja au mbili. Aliye mkubwa anywe kwa kikombe, funda ndogo ndogo.
4. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.
5. Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apate robo hadi nusu kikombe, yaani mililita 50 hadi 100. Wa miaka 2 na zaidi apate nusu kikombe hadi kikombe kizima, yaani mililita 100 hadi 200.
6. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage, utengeneze mengine.

Kama ORS haipatikani kabisa, tengeneza kwa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko hivyo viwe vya kusawazisha, si vya mlima. Onja kabla ya kumpa mtoto: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo pima kwa uangalifu. Soda na juisi za dukani hazifai, kwa maana sukari yake nyingi yaweza kuongeza kuharisha.

Kunyonyesha kuendelee. Wapo akina mama wanaoona aibu kunyonyesha mbele za watu kwenye benchi, wakamwacha mtoto akae na njaa tangu asubuhi. Jifunike khanga unyonyeshe. Maziwa ya mama ni maji na chakula kwa pamoja. Na utakapomwona daktari, uliza habari za vidonge vya zinki. Mtoto anayeharisha hupewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema.

Hesabu pumzi, mpunguzie nguo

Mtoto anayekohoa au mwenye homa nawe una la kumfanyia. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, fungua nguo uone kifua na tumbo lake. Tazama saa, uhesabu mara ngapi anavuta pumzi kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana watoto hawapumui kwa mwendo ulio sawa. Pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5.

Pumzi za haraka zaweza kuwa dalili ya nimonia. Mwambie muuguzi hesabu uliyoipata. Mtoto akiingia kwa daktari huku akilia, kumhesabu inakuwa taabu. Hesabu yako ya kwenye benchi, alipokuwa ametulia, itasaidia.

Mtoto mwenye homa usimfunge katika mashuka mawili na sweta. Mpunguzie nguo, umpe vinywaji, umkalishe kivulini. Akianza degedege, mlaze kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, ulegeze nguo shingoni, na umwite muuguzi kwa sauti. Usimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Usimpe dawa wala maji hadi apate fahamu. Desturi ya kulazimisha meno yafunguke imewaumiza watoto wengi bila sababu.

Ukaaji wetu kwenye benchi

Hapa tunagusa jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Mahali pa kungojea panaweza kumponya mtu na panaweza kumuambukiza. Kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa akikohoa katika chumba kilichofungwa madirisha, vijidudu hubaki hewani kwa muda mrefu baada ya yeye kuondoka.

Huko Tugela Ferry, katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006 waligunduliwa wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu cha hatari sana. Kati yao, 52 walikufa. Wengi walikuwa wamewahi kulazwa hospitalini muda mfupi kabla ya hapo, na uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa unaenea ndani ya hospitali yenyewe. Baada ya hapo watu wengi wa afya waliona wazi kwamba dirisha lililo wazi ni kinga.

Basi, kama una kikohozi, hasa kilichofikisha wiki mbili, mwambie mtu wa mapokezi tangu mwanzo. Omba kungojea nje chini ya mti au barazani penye upepo, na useme wakuite zamu yako ikifika. Ziba mdomo na pua kwa kitambaa au kwa kiwiko unapokohoa. Usiteme mate sakafuni. Hakuna fedheha katika jambo hili. Anayekohoa akakaa nje anawahurumia wenzake. Na wewe usiye na kikohozi, fungua madirisha ya chumba cha kungojea hata kama kuna baridi kidogo. Ukiwa na mtoto mchanga, au mgonjwa ambaye kinga yake ya mwili imepungua, mkalishe karibu na dirisha au nje kabisa.

Tayarisha maneno yako

Daktari wa zahanati huwa na muda mfupi sana. Si kwetu peke yetu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha nchi 67. Walikuta kwamba wastani wa muda wa mgonjwa mbele ya daktari ulikuwa sekunde 48 nchini Bangladesh, na dakika 22 na nusu nchini Sweden. Katika nchi 18 zenye karibu nusu ya watu wote duniani, muda huo ulikuwa dakika 5 au pungufu.

Ikiwa una dakika tano tu, usizitumie kukumbuka. Kumbuka ukiwa kwenye benchi. Jiulize maswali haya na uyaandike kwenye karatasi, au nyuma ya daftari la matibabu:

1. Ugonjwa ulianza siku gani? Dalili gani ilitangulia?
2. Homa huja saa ngapi, na imepanda mara ngapi?
3. Amekojoa mara ngapi tangu jana? Ameharisha mara ngapi? Kuna damu?
4. Amekula nini, amekunywa nini?
5. Amepewa dawa gani nyumbani, kiasi gani na saa ngapi? Hapa taja zote: za dukani, za mitishamba, na zile ulizoazima kwa jirani. Daktari hatakupiga. Asipojua, anaweza kukuongezea dawa ileile na kumzidishia mgonjwa.
6. Kuna dawa inayomdhuru?
7. Jambo ninaloliogopa zaidi ni lipi?

Swali hili la saba watu hulificha. Mama anakuja na mtoto mwenye upele, kumbe anachoogopa ni ugonjwa uliomuua mtoto wa dada yake. Asiposema, atarudi nyumbani na dawa ya upele mkononi na hofu yake moyoni.

Tumia pia muda huo kusoma kadi ya kliniki ya mtoto. Tazama ule mstari wa uzito. Unapanda, umelala, au unashuka? Mstari uliolala kwa miezi miwili mfululizo ni swali la kumuuliza muuguzi, hata kama leo umekuja kwa ajili ya kikohozi tu. Angalia na chanjo: kuna nafasi iliyo tupu? Kama ipo, uliza.

Kutulia ni sehemu ya kipimo

Wazee wetu wenye shinikizo la damu wana sababu nyingine ya kuheshimu benchi. Mtu aliyepanda mlima kwa miguu akapimwa presha palepale anaweza kupata namba kubwa kuliko ile yake ya kweli, akaongezewa dawa asizozihitaji. Kabla ya kupimwa, yafaa akae dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Aende haja ndogo kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha presha. Asinywe kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Wakati wa kupimwa asizungumze. Mzee akiambiwa, "Babu, kaa hapo kidogo kwanza," asidhani amedharauliwa.

Mwenye kisukari naye asije na mikono mitupu. Akiwa ametumia insulini au vidonge asubuhi, kisha foleni ikarefuka bila yeye kula, sukari inaweza kushuka ghafla. Dalili zake ni jasho la baridi, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Kama bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, kisha muuguzi aitwe. Kama amepoteza fahamu, asitiliwe chochote mdomoni. Abebe chakula chake na sukari kidogo mfukoni. Ikiwa ameagizwa kuja bila kula kwa ajili ya kipimo, aulize siku ileile anapoagizwa afanye nini na dawa zake za asubuhi.

Usiondoke kabla ya majibu

Wapo wanaotolewa damu, wakaona saa zinakwenda, wakarudi shambani bila majibu. Mathalani kipimo cha haraka cha malaria kwa kawaida huhitaji dakika 15 hadi 20. Muda huo hautokani na uvivu wa mtu wa maabara. Damu na ile dawa ya majimaji sharti vipande kwenye karatasi iliyo ndani ya kipimo hadi mistari ijitokeze. Kikisomwa mapema mno, mstari wa ugonjwa unaweza kuwa haujaonekana bado. Kikiachwa sana, kinaweza kudanganya.

Aondokaye bila majibu aghalabu hununua dawa ya malaria dukani kwa kubahatisha. Akiwa na malaria kweli, huenda akapata dozi isiyotosha. Akiwa hana, ugonjwa wake halisi, pengine nimonia, unaendelea kumla mtoto huku mzazi akiamini kwamba ametibu. Kungoja kwa namna hii ndiyo ile subira iletayo heri.

Kwenye dirisha la dawa pia usiondoke hadi ujue mambo manne: dawa hii ni ya nini, anywe kiasi gani, kwa siku ngapi, na dalili gani ikinitokea nirudi mara moja hata kama ni usiku. Rudia kwa sauti yale uliyoambiwa. Mtoa dawa akikusahihisha, shukuru.

Tukingoja gari

Mwisho, tuangalie kungoja kwa shida zaidi: kungoja gari la kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya. Fikiria mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito mdogo. Adui wake wa karibu ni baridi. Akifungwa kwenye khanga na kulazwa peke yake kitandani, joto humpotea upesi.

Mvue nguo, umwachie nepi, kofia na soksi. Mlaze kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, katikati ya matiti, kichwa kikigeuzwa upande ili apate hewa. Mfunge hapo kwa khanga imara, kisha mama avae nguo yake juu. Anyonye mara kwa mara. Kama mama ni mgonjwa, baba, bibi au shangazi anaweza kumbeba hivyohivyo. Utaratibu huu ulianzia mjini Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyopungukiwa na vitanda vya kuwapasha joto watoto. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, ulihusu watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kati ya waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100 kabla ya kutimiza siku 28. Kati ya wale ambao waliwekwa kifuani baada ya hali yao kutulia, walikufa karibu 16 katika kila 100. Kwa hiyo usisubiri gari lifike ndipo umpashe joto mtoto. Kifua cha mama kipo tayari.

Kapu la zahanati

Ndugu msomaji, ili uweze kuyafanya haya yote, yafaa uwe na kapu au mfuko uliokwisha kutayarishwa, unaoning'inia mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani. Ugonjwa wa mtoto hupenda kuja usiku, na usiku hakuna anayekumbuka kitu. Weka humo kadi ya kliniki na daftari la matibabu, kadi ya bima kama mnayo, pakiti mbili za ORS, chupa safi ya lita moja yenye kifuniko, kijiko na kikombe, khanga safi, kipande cha sabuni, karatasi na kalamu, na maganda ya dawa zinazotumika sasa. Akiba kidogo ya nauli iwe humo, na isiguswe kwa ajili ya kitu kingine.

Kapu hilo haligharimu pesa nyingi. Baba na mama walipange pamoja, na watoto wakubwa waonyeshwe lilipo, ili siku ambayo mama yuko safarini, hata kaka wa darasa la sita aweze kulishika, ambebe mdogo wake na aende akijua la kusema atakapofika mbele ya muuguzi.